Watu Wako Wote ni Marehemu

Mhariri wa gazeti hili anataka kila wiki nianze kwa kuwakumbusha tulikotoka, kwa sababu anawafahamu. Gazeti la wiki iliyopita mlishalifungia maandazi. Haya, shikeni tena.

Mimi ni Severina, mtoto wa Shelui, niliyekulia kwenye banda la mama ntilie nikisikiliza uongo wa madereva wa malori. Nimeolewa na Fredrick, mtu wa Kinyangiri kule Mkalama, na tunaishi Utemini, Singida mjini, ambako nachapa kazi za watu kwenye steshenari ya Abdulhamidi. Nimeandika riwaya. Inamhusu mjane aliyenyang'anywa shamba na shemeji yake. Mjane huyo ni mama mkwe wangu, Dorika, na shemeji ni Enock, mdogo wa marehemu baba mkwe, ingawa majina niliyabadilisha ili tuendelee kusalimiana.

Wachapishaji wawili walishaikataa, wa pili bila hata kuichana bahasha. Tuliishia pale simu ilipoita nikiwa juu ya stuli napanga karatasi, na sauti ya mwanamke ikasema yeye ni Anastazia, mhariri wa kampuni moja ya vitabu Dodoma, na muswada wangu ameusoma wote.

"Kiswahili chako kizuri," alisema.

Nikaanza kuwaza gauni la siku ya uzinduzi.

"Ila dada, watu wako wote ni marehemu."

Nilimweleza kwa heshima kwamba anayekufa ni mume wa mjane tu, tena ukurasa wa kwanza, wengine wote wako hai mpaka mwisho. Nilidhani amechanganya muswada wangu na wa mtu mwingine. Hawa watu wa ofisini nawajua, wanasoma huku wanakunywa chai.

"Mjane wako hana kosa," akasema. "Mwanaye hana kosa. Hata huyo shemeji mnyang'anyi, ananyang'anya kwa upole halafu anaomba radhi. Mtu asiye na kosa yuko kwenye jeneza, anasomewa wasifu. Hivi wewe uliwahi kuandika wasifu wa marehemu?"

Niliwahi kuandika kitu gani kingine?

Kwetu mtu hazikwi kimyakimya. Lazima asimame msomaji aseme marehemu alizaliwa lini, alisoma wapi, alibatizwa na nani, na alikuwa mtu wa namna gani. Hilo la mwisho ndilo lililonipa jina mjini. Familia zinakuja steshenari macho mekundu, zinanieleza ukweli, nami nazitengenezea kitu cha kusomeka mbele ya mchungaji. Mlevi naandika aliugua kwa muda mrefu. Aliyempiga mkewe naandika alikuwa mlezi mwenye msimamo. Mwizi wa mbuzi alikuwa mfugaji hodari. Nusu ya waliolala makaburini hapa mjini wamelazwa na sentensi zangu, na wote, hata yule aliyefukuzwa kwenye kamati mbili za harusi, walikuwa wacheshi na watu wa watu.

Kazi hiyo nilijivunia. Na huyu mwanamke wa Dodoma, ambaye hajawahi hata kuniona, alikuwa ameinusa kwenye riwaya yangu kama mtu anavyonusa mafuta ya taa kwenye wali. Nilimchukia palepale.

Akanipa sharti. Nichague sura moja tu, ile ya shemeji na shamba, niiandike upya. Kama huyo shemeji atainuka kwenye jeneza, sura itapelekwa kwenye kikao chao na kitabu kitapata nafasi. Asipoinuka, muswada utarudi Singida kwa basi.

Jumamosi nilikwenda kwenye darasa la uandishi. Wiki zile za mwanzo niliwaeleza kuhusu darasa hili na nyie mkaniandikia mkitaka namba ya simu, jambo lililonithibitishia kwamba hamsomi. Darasa ni la bosi wangu Abdulhamidi, pale pale steshenari, baada ya kufunga mlango wa mbele. Anafundisha jinsi ya kumaliza riwaya, yeye ambaye sura ya kwanza ya riwaya yake anaiandika tangu enzi za taipureta. Wanafunzi wanaandika kila anachosema. Akikohoa wanaandika.

Lakini siku hiyo alisema jambo moja la maana, nami nimelisamehe kwa shida. Alisema ukiandika sura, usimwulize mtu kama ameipenda, atakudanganya kwa adabu. Wasomee watu, halafu waangalie miguu. Miguu ikitulia, sura ina uhai.

Nikarudi nyumbani nikitafuta miguu ya kuisomea. Mungu naye ana utani wake. Kabla sijaandika hata mstari, Enock akafa.

Habari ililetwa kwa simu wakati tunakula. Fredi aliweka tonge chini. Nilimwangalia nikamhurumia, maana najua alivyomchukia baba yake mdogo huyu kwa ajili ya mama yake. Halafu akauliza jambo moja tu: mama mdogo Klara amesemaje? Nikamwambia mama mdogo Klara amefiwa na mume, unategemea aseme nini? Akanawa mikono.

Asubuhi tulipanda pikipiki yake nyekundu, ile aliyoipata kwa biashara ya alizeti mwaka tuliooana. Ni pikipiki inayojulikana mtaa mzima kwa sababu haiwaki kabla ya kukohoa. Njia nzima hadi Kinyangiri Fredi hakunisemesha. Nikasema moyoni, tazama mwanaume huyu, anakwenda kumzika adui wa mama yake na analia kwa ndani. Nilimpenda sana asubuhi ile. Wekeni hilo akilini.

Msibani walikuwepo wote. Walikuwepo wale ambao Enock aliwazuia kunywesha ng'ombe kisimani, wakisifia ukarimu wake. Walikuwepo wazee wa ukoo waliokuwa wakikunja kona wakimwona, sasa wamekaa mstari wa mbele chini ya turubai, wakiulizia nyama itaiva saa ngapi. Akina mama walikuwa wanalia kwa zamu, na wakishapokezana wanauliza bei ya vitunguu. Nimeandika wasifu kwa miaka, lakini sijawahi kuona uongo mwingi namna hiyo ukiwa haujachapwa.

Mama mkwe Dorika nilimkuta jikoni anachambua mchele wa kumzikia mtu aliyemnyang'anya shamba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekonda. Hicho kitabu chako kinakula nini?"

Nilimwuliza, kwa sauti ya chini, kama kweli atamlilia Enock. Akaendelea kutoa mawe kwenye ungo. Akasema mfu halipi, na mchele usipochambuliwa utavunja meno ya wageni wasio na kosa. Huyo ndiye mjane wangu. Na Anastazia anasema hana uhai.

Shamba lenyewe ni lile la bondeni, udongo mweusi, ukipanda vitunguu unavuna mpaka unachoka kufunga magunia. Kinyangiri nzima inajua kilichotokea. Mvua za kwanza baada ya baba mkwe kufa, Dorika alikwenda shambani na jembe akamkuta Enock na ng'ombe wa kulimia. Akasimama mbele ya ng'ombe. Enock hakueleza, hakugomba. Alisema maneno matatu: "Shemeji, pisha ng'ombe." Dorika akapisha. Tangu siku ile analima mlimani kwenye kokoto, na yale maneno matatu yamekuwa msemo wa kijiji. Hata watoto wakinyang'anyana mpira wanaambiana pisha ng'ombe.

Na Fredi je? Fredi alikuwa mjini wakati huo, lakini aliposikia alipanda gari hadi Kinyangiri, akamsimamia baba yake mdogo uso kwa uso, akamwambia ukweli mbele ya watu. Hilo amenisimulia mwenyewe mara nyingi, na kwenye riwaya nililiandika kama alivyolisimulia.

Wazee waliniita chini ya turubai. Mwenyekiti wa kitongoji akasema, mkwe, tuandikie ule wasifu wako, lakini usiwe mrefu, watu wana njaa. Nikaandika. Marehemu alikuwa mkulima hodari, mpenda ukoo, mcheshi. Sikutumia hata akili, mkono unaijua njia.

Nilipomaliza nikapanda kwenye jabali. Kwa Enock mtandao haushiki popote isipokuwa kwenye jabali lililo ubavuni mwa makaburi ya ukoo, ndiyo maana kila mazishi pale mchungaji anahubiri huku simu zinaita. Nikakaa juu yake, nikafungua simu, nikaanza kumwandika Enock upya.

Sasa nilikuwa naye. Niliandika jinsi alivyosalimia viatu vyako kabla ya uso wako. Niliandika alivyotema mate kidogo pembeni kila alipotaka kusema uongo, na alivyokuwa akihesabu minofu kwenye sahani ya mgeni kwa macho. Nikaandika asubuhi ya ng'ombe. Nikaandika maneno matatu. Nikamwandika kijana aliyekuja mbio kumtetea mama yake. Nililia nikiandika, na haikuwa huruma, ilikuwa raha. Kumbe kumdharau mtu kwa usahihi kuna utamu wake.

Nikamtumia Anastazia palepale. Mshale wa ujumbe ukazunguka, ukazunguka, ukaenda.

Hapo ningeshuka nikamenye viazi, leo tusingekuwa hapa. Lakini lile neno la Abdulhamidi lilinikaa. Miguu. Na miguu ya Kinyangiri yote ilikuwa pale, imenyooshwa kwenye mikeka.

Shida ni kwamba mimi ni mkwe. Mkwe hamsemi mkwe wake, akiwa hai wala akiwa maiti. Nikifungua mdomo kumsema Enock nitarudishwa Shelui kabla udongo haujakauka. Mtu mmoja tu anaweza kumsema marehemu mbele ya jeneza, na watu wakacheka, na mchungaji akatazama pembeni. Huyo ni mtani.

Mtani wa ukoo wa mume wangu ni Mazengo. Ni mzee mfupi anayevaa koti la marehemu, anatembea kama marehemu, anajilaza kaburini akidai kilicho chake ndipo jeneza lishuke. Kwa miaka yote utani wake ni uleule. Kila marehemu kwa Mazengo alikuwa mlafi na alijamba kanisani. Watu wanacheka kwa mazoea, kama wanavyosema amina.

Nilimkuta nyuma ya kihenge anajaribu koti la Enock. Nikamwambia nina maneno mapya, yatamfanya akumbukwe hadi Nduguti. Nikamsomea kutoka kwenye simu. Alisikiliza hadi mwisho, mdomo wazi.

"Mkwe," akasema, "unataka kumtukana baba mkwe kwa mdomo wangu?"

Nikamwambia si matusi, ni fasihi. Akauliza fasihi inaliwa? Nikamwahidi jogoo.

Akafikiri. Akasema ile ya viatu nzuri, ya mate nzuri sana, ya minofu atacheka hata mjane. "Ila hii ya ng'ombe tuiache. Utani unakuna, hauchomi penye kidonda. Mtani anamsema mtu kwa uongo unaojulikana na kila mtu. Ukisema la kweli, si utani tena, ni shauri."

Kumbe mzee alikuwa na akili kuliko nilivyomkadiria, na mimi sikutaka akili, nilitaka mdomo. Bila ng'ombe sura haina moyo. Nikamwambia jogoo wawili.

Akakubali. Hivyo ndivyo mimi, mwandishi, nilivyofanya: nikaazima mtani wa watu nikamgeuza spika ya kujaribia sura yangu ya tano.

Nilimweleza Fredi kidogo tu, kwa kuwa furaha ilinizidi. Nilimkuta anachimba kaburi. Alikuwa ameshika koleo tangu asubuhi, hakumpisha mtu, na vijana wenzake walikuwa wamekaa kivulini wanamsifia. Nikamwambia leo kuna jambo litasemwa hapa kuhusu shamba la mama. Akaacha kuchimba.

"Achana na mambo ya wafu, Seve," akasema.

Nikamwambia asiogope, kwenye hadithi yangu yeye ndiye shujaa. Akarudi kuchimba, na kaburi likawa refu kuliko lilivyohitajika.

Mchana wakanipa wasifu niusome. Nilisoma vizuri, kwa sauti ile inayopanda kwenye "mcheshi" na kushuka kwenye "pengo lisilozibika". Wazee wakaitikia. Halafu jeneza likabebwa hadi makaburini, chini ya jabali, na kama kawaida simu zikaanza kulia kwenye mifuko ya waombolezaji. Mchungaji alinyamaza akisubiri, kisha akaendelea kwa uchungu.

Walipotaka kushusha jeneza, Mazengo akatokea na koti la Enock, mikono imefichwa na mikono ya koti. Akakaa juu ya udongo uliochimbwa. Fredi alikuwa amesimama hapohapo, koleo mkononi.

Alianza na viatu. Alimkaribia mchungaji, akainama akasalimia viatu vyake kwa unyenyekevu, akaviuliza habari za Singida. Turubai zima lilikuwa limehamia pale na lote likacheka. Akaja kwenye mate. Akatema kidogo pembeni akasema, "Mimi Enock nawapenda wote." Mwenyekiti wa kitongoji alishika mbavu. Kwenye minofu nilimwona Klara, mjane mwenyewe, chini ya khanga aliyojifunika, mabega yanatikisika.

Mimi sikuwa natazama nyuso. Nilikuwa natazama miguu. Ilikuwa bado inachezacheza, inasogea, inakanyagana. Nikasema moyoni, subirini.

Mazengo akasimama. Akanyoosha mkono kama mtu aliyeshika mjeledi wa kulimia. Akatazama mahali ambapo Dorika alikuwa amesimama na wanawake wenzake, na kwa sauti ya Enock kabisa, sauti iliyofanya nywele zangu zisimame, akasema:

"Shemeji, pisha ng'ombe."

Miguu ikatulia yote.

Wasomaji wangu, nawaambia ukweli ingawa hamuustahili: ilikuwa saa tamu kuliko zote katika maisha yangu ya uandishi. Sura yangu ilikuwa na uhai. Nilikuwa nimemtoa mtu kwenye jeneza, na jeneza lenyewe lilikuwa hatua chache kutoka nilipo.

Kisha nikatazama nyuso, na hakuna aliyekuwa anacheka.

Dorika alikuwa ameshika kinywa. Mazengo alijua papo hapo kwamba amevuka mpaka. Akajaribu kujamba kwa mdomo, ule utani wake wa zamani, lakini hata watoto hawakumwitikia.

Klara akainuka. Mjane hainuki makaburini, anainuliwa. Huyu aliinuka mwenyewe, akaondoa khanga usoni.

"Mazengo, vua koti la mume wangu."

Mazengo akavua.

"Hayo maneno si yako. Wewe huna akili ya kuyatunga." Hakupaza sauti. "Aliyeyatunga nitaongea naye baadaye. Lakini kwa kuwa yamesemwa mbele ya maiti, na mimi nitasema mbele ya maiti."

Mzee mmoja wa ukoo akamwambia kwa Kinyiramba akae chini. Hakumtazama.

"Enock hakuwa mtu mwema. Nimelala naye, najua. Shamba la bondeni alilitamani tangu kaka yake yu hai. Lakini hakumnyang'anya shemeji yake. Aliletewa. Aliyemletea alitaka pikipiki, akapewa pikipiki, akalia ndani kwangu akashika miguu yetu akiomba mama yake asijue. Ndiyo maana siku ile alisema pisha, akanyamaza. Watu wakamwita mwizi miaka yote hii, naye akanyamaza, kwa sababu alimwapia yule mtoto." Akafunga khanga yake kiunoni. "Mimi sikuapa."

Mwenye akili zake angeelewa hapohapo. Mimi sikuelewa. Nawadharau nyie kwa uvivu wenu wa kusoma, na mimi mwenyewe niliambiwa hadithi nzima kwa Kiswahili chepesi nikabaki nimesimama nikiitafuta hiyo pikipiki kwa watoto wa watu wengine. Nilipitisha macho kwa vijana wa ukoo, mmoja mmoja. Yule hana pikipiki. Yule anayo, lakini mama yake alishakufa.

"Pikipiki ipi?" Dorika aliuliza. Akauliza tena, safari hii akimwuliza Klara peke yake, kama mtu anayeuliza njia. Klara akatazama chini.

Simu yangu ikatetemeka mfukoni.

Ningekuwa mtu wa maana nisingeitoa. Maiti haijashuka, mama mkwe wangu amesimama anasubiri jibu, nami nikatoa simu, kwa sababu ilikuwa Dodoma na nilikuwa nimeisubiri Dodoma maisha yangu yote. Nikageukia jabali nikasoma.

"Severina hongera. Mzee ameinuka, nimemwona, hadi mate. Sura naipeleka kikaoni. Nahitaji kitu kimoja tu kabla: yule kijana anayekuja mbio kumtetea mama yake. Huyo bado ni marehemu. Simwamini hata kidogo. Mtu anayechelewa kufika namna hiyo halafu akasema maneno mazuri namna hiyo, kuna kitu anaficha. Kitafute ukiandike, na kitabu ni chako."

Niliisoma mara moja tu. Miguu yangu mwenyewe ilitulia.

Mwanamke ambaye hajawahi kuonja chumvi yangu, kwa kurasa chache za simu, alikuwa amemjua mume wangu kuliko mimi niliyemfulia miaka yote. Biashara ya alizeti. Mama mdogo amesemaje. Achana na mambo ya wafu, Seve. Vyote nilivisikia kwa masikio yangu haya, nikaviandikia wasifu.

Nikageuka nimtafute Fredi. Koleo lilikuwa limechomekwa kwenye udongo, limesimama lenyewe, na mahali pa mwenye koleo hapakuwa na mtu.

Kule kwenye mti wa mgunga, tulikoegesha, kitu kikakohoa. Kikakohoa tena, kisha kikawaka.

Watu wakageuza vichwa. Vumbi jekundu likainuka kwenye njia ya kwenda barabarani. Hata wale wanaolia kwa zamu wakasahau zamu.

Dorika hakutazama vumbi. Alinijia mimi, akipita katikati ya watu, na watu wakampisha. Alinishika mkono ulioshika simu. Mlio ule wa pikipiki anaujua, ndio uliomletea sukari na dawa za presha miaka yote.

"Severina, mwanangu," akasema, "wewe ndiye unayejua kuandika watu. Huyo anayeondoka ni nani?"

Nilifungua mdomo nimjibu. Nilitafuta neno moja la kweli, na yaliyokuja yalikuwa yaleyale niliyoyasoma mchana ule juu ya jeneza: mpenda ukoo, mcheshi, mtu wa watu.